William, Tara au Ruby: hadithi ipi umpe kijana anayesubiri chuo?

Binti wa jirani yangu alinirudishia kitabu baada ya siku tatu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, nami nikaona nimpe kitu cha kumtia moyo: kisa cha William Kamkwamba, yule kijana wa Malawi aliyeunda kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. "Kizuri, shangazi," akasema, akikiweka mezani. "Ila huyu baba yake alikuwa anataka asome."

Sikuwa na la kumjibu. Kwao, mama ana genge la mboga na nafaka. Hajui kusoma. Binti ndiye anayemsomea meseji za miamala, ndiye anayepiga hesabu za jioni, ndiye anayebishana na wenye malori kwenye simu. Mama hajamkataza chuo, na hajamruhusu pia. Analiongelea jambo hilo kama mvua: ikija tutaona.

Tangu siku hiyo nimeacha kuzitia hadithi hizi kwenye kapu moja. Tunaziita zote za "mtoto wa shida aliyetoboa", lakini shida hazifanani, na kijana hachukui muda kujua kama hiyo ya kitabuni ndiyo ya kwao. Siku hizi kabla sijamwazima mtu kitabu au filamu, najiuliza mambo mawili. Anayemzuia huyu kijana ni nani: mfuko mtupu, au mtu? Na akishaondoka, nyumba inabaki na nini?

Tatu nimezikalia kitako hapa chini. Nyingine nimezipitia mbiombio, ama kwa sababu zinasema karibu yaleyale, ama kwa sababu si za kila mtu.

Kama tatizo ni ada

Hapo mpe William. Kitabu chake, *The Boy Who Harnessed the Wind*, alichokiandika pamoja na Bryan Mealer, kilitoka 2009. Filamu yenye jina hilohilo ilitoka 2019 na iko Netflix. Mahali ni Wimbe, wilaya ya Kasungu. Njaa ya 2001 na 2002 imewakuta, familia inashuka hadi mlo mmoja kwa siku, na ada ya sekondari, kama dola 80 kwa mwaka, haipo. William anatolewa shule muda mfupi tu baada ya kuanza. Kwa kukwepa kubaki nyuma ya wenzake anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi, na huko anakiokota kitabu cha mambo ya nishati chenye picha ya vinu vya upepo kwenye jalada.

Filamu niliiangalia na mpwa wangu wa kidato cha nne. Kuna mahali wanafunzi wamesimama mstarini na majina ya wasiolipa yanasomwa. Mimi niliinamisha macho. Wa rika langu wanajua kwa nini. Mpwa wangu akaniuliza, "Kwani walikuwa wanafukuzwa kweli?" Yeye ameanza sekondari baada ya ada kuondolewa 2016, anajua michango tu. Kwa hiyo usidhani kila kijana wa sasa wa Tanzania ataishika mara moja. Wa Kenya au Malawi huenda asihitaji maelezo.

Kati ya kitabu na filamu, chagua kwa kumwangalia huyo unayempa. Kitabu kinakaa na njaa kwa muda mrefu, kurasa baada ya kurasa. Watu wanagombania pumba za mahindi, vyombo vya ndani vinauzwa, mbwa wake Khamba anakufa. Halafu inakuja sehemu ambayo kijana wa fizikia atairudia mara mbili: feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dinamo, bomba la plastiki lililopasuliwa na kulainishwa motoni likawa mabapa, mnara wa miti ya mikaratusi. Wanakijiji wanadhani anavuta bangi. Kisha balbu inawaka.

Filamu imebadilisha mpangilio, na hilo si dhambi, ila lijulikane. Kwenye filamu kila kitu kinaelekea kwenye baiskeli pekee ya baba: mtoto anataka ikatwe, baba anapandwa na hasira, mama anaingia kati, na mwishowe kinu kinavuta maji na shamba linakuwa kijani. Kwenye kitabu baiskeli ilikuwa mbovu tayari, kinu cha kwanza kiliwasha taa na redio, na maji yalikuja baadaye sana. Kijana wa kuuliza "ilikuwaje hasa?" mpe kitabu. Akiona kitabu ni kinene, lipo toleo lililofupishwa kwa ajili ya vijana.

Lakini kama unataka baba na mwana wakae pamoja sebuleni, weka filamu. Chiwetel Ejiofor ameiongoza na yeye mwenyewe anacheza kama baba, Trywell. William anachezwa na Maxwell Simba, kijana wa Nairobi. Wanaongea Kichewa na Kiingereza, kwa hiyo maandishi ya chini ya skrini hayakwepeki. Baba huyu anapenda, anakosea, anaona aibu mbele ya mtoto aliyemzidi maarifa. Kina baba wawili ninaowajua walinyamaza kabisa ilipoisha.

Kasoro yake? Chuo chenyewe karibu hakipo. Mwaka 2007 William alipandishwa jukwaani kwenye mkutano wa TED, ule wa hotuba fupi za watu wenye mawazo mapya, na mkutano huo ulifanyika hapa kwetu Arusha. Kiingereza kilikuwa kinamponyoka, ukumbi ukasimama kumpigia makofi, na kuanzia hapo milango ikafunguka: shule ya African Leadership Academy kule Afrika Kusini, kisha Dartmouth, Marekani, alikohitimu 2014. Filamu inayamaliza hayo kwa maandishi machache mwishoni. Nami huwa nasita kumwambia kijana kwamba atengeneze kitu, watu watamwona. William alionwa. Wako mafundi wangapi wa kijijini ambao hawakuonwa?

Nyumba yake, kwa vyovyote, ilibaki na taa. Alipoondoka aliacha zaidi ya alichochukua. Ndiyo maana hadithi hii haimuumizi mtu, na ndiyo maana binti wa jirani alinirudishia.

Kama tatizo ni wazazi wenyewe

Tara Westover ni habari nyingine kabisa. Kitabu chake *Educated* cha 2018 kinatokea Idaho, Marekani, chini ya mlima, kwenye nyumba iliyozungukwa na chuma chakavu ambacho ndicho kazi ya baba. Msomaji wa kwetu anaweza kuanza akidhani ni kisa cha umaskini. Sicho. Chakula kipo, tena kimehifadhiwa kwenye mitungi kwa ajili ya mwisho wa dunia. Baba ni muumini wa dhehebu la Mormoni, tena wa msimamo wake mwenyewe, hataki shule, hataki hospitali, hataki serikali ijue kwamba watoto wake wapo. Tara alipata cheti cha kuzaliwa akiwa na miaka tisa. Mama ni mkunga na mganga wa mitishamba. Mtu akiungua, na wanaungua vibaya, anatibiwa palepale nyumbani.

Kaka mmoja, Tyler, anatangulia chuo na kumwambia inawezekana. Basi anajifundisha hesabu kwa kitabu cha kununua, anafanya mtihani wa kuingilia chuo, anakosa alama, anarudia, anapata. Anaingia darasani kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na miaka 17, na darasa lenyewe ni la Brigham Young University.

Sasa, kwa nini nakiona ndicho bora kwa kijana ambaye *tayari* ana barua ya chuo mkononi? Kwa sababu sehemu kubwa ya kitabu ni yale yanayofuata baada ya kufika. Siku moja darasani anaona neno asilolijua, ananyoosha mkono kuuliza maana yake, na chumba kinakuwa kimya: neno ni lile la mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler. Wenzake wanadhani anafanya mzaha. Hakuwahi kulisikia. Mwanafunzi aliyetoka shule ya kata isiyo na maabara, akakaa mwaka wa kwanza pembeni ya waliosoma shule za kulipia mamilioni, ataujua ukimya ule hata kama maneno ni tofauti.

Halafu lipo jino. Linamuuma, matibabu ni dola 1,400, hana. Kiongozi wa kanisa chuoni anamsihi aombe ruzuku ya serikali. Anakataa muda mrefu, maana nyumbani kwao pesa ya serikali ni mtego. Anapokubali, hundi inakuja ya dola 4,000. Anapiga simu ofisini kutaka kurudisha kilichozidi! Nilicheka, kisha nikakumbuka siku ya kwanza ya "bumu", ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, pale chuoni kwetu, jinsi nilivyozikunja zile noti ndani ya soksi kama nimeziiba. Kutoka ukurasa huo Tara anaandika jambo ambalo wahadhiri wa motisha hawalisemi: pesa ya uhakika mfukoni ndiyo iliyompa nafasi ya kufikiri kitu kingine zaidi ya pesa.

Alifika Cambridge, akapata shahada ya uzamivu ya historia 2014. Ila gharama yake ni nzito, na humo ndimo ninapomwonya anayechagua. Kaka mwingine, ambaye kitabuni anaitwa Shawn, anampiga, anamkunja mikono, anamwingiza kichwa chooni. Wazazi wanakataa kuyaona. Mwisho anabaki na shahada bila baba wala mama. Wazazi, kupitia wakili wao, wamepinga namna walivyoelezwa, na yeye mwenyewe ameweka tanbihi pale ndugu wanapokumbuka tofauti. Mtoto wa miaka 14 simpi. Wala simpi kijana aliyegombana na wazazi wiki hii. Atakisoma kama ruhusa. Kiingereza chake si cha kubabaisha, ingawa sentensi zake ni safi.

Kama mzazi wa kwenye nyumba unayoifikiria si mwenye itikadi bali ni mlevi, kuna *The Glass Castle* ya Jeannette Walls, ya 2005. Baba yake, Rex, ana akili nyingi, maneno matamu na chupa. Watoto wanajichangia senti kwenye kibubu ili wakatoroke, naye anaziiba. Miaka baadaye Jeannette yuko chuo cha Barnard, New York, amepungukiwa dola 1,000 za mwaka wa mwisho, na baba huyohuyo anatokea na dola 950 za kamari pamoja na koti la manyoya la kuweka rehani. Unamchukia, halafu unashindwa. Filamu yake ya 2017 ni nyepesi mno, usihangaike nayo.

Na hapo siwezi kupita bila kumtaja Zakaria, baba mlevi wa *Rosa Mistika*. Euphrase Kezilahabi alikitoa 1971, kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadaye wanafunzi wakakisoma darasani. Rosa anatoka Ukerewe, anafika chuo cha ualimu Morogoro. Anafika, tazama, lakini ukali wa baba ulikuwa umeshafanya kazi yake ndani yake, na mwisho wake si wa shangwe. Si kitabu cha kumtia mtu moyo. Mpe baba.

Kama nyumba inamtegemea mtoto

Nimeiweka ya tatu lakini ndiyo ninayoiazimisha zaidi sasa. Filamu ya *CODA* ya 2021, iliyoongozwa na Sian Heder, ilichukua Oscar ya filamu bora mwezi Machi 2022. Ruby Rossi ana miaka 17, anaishi Gloucester, mji wa wavuvi jimbo la Massachusetts. Baba, mama na kaka yake ni viziwi. Yeye anasikia. Alfajiri yuko kwenye boti na baba na kaka, asubuhi yuko darasani ananuka samaki, mchana anawafasiria bei sokoni. Mwalimu wa muziki anagundua ana sauti, anamwambia ajaribu Berklee, chuo cha muziki cha Boston. Fikiria kuwaambia wazazi viziwi kwamba unataka kwenda kusomea kuimba. Mama anamuuliza: je, mimi ningekuwa kipofu, ungetaka kuwa mchoraji?

Hakuna mbaya kwenye nyumba hii. Wazazi wanampenda, wanamhitaji, na mahitaji yao ni ya kweli. Siku anapokosa kwenda baharini, walinzi wa pwani wanawakamata: boti haiwezi kwenda bila mtu anayesikia king'ora na redio. Mtoto wa kwetu anayeshika duka, anayempeleka bibi kliniki, anayewaandalia wadogo zake uji kabla ya shule, hahitaji kuelezwa chochote. Anayemkasirikia Ruby kuliko wote ni kaka yake, Leo, na hasira yake si kwamba anataka kuondoka. Ni kwamba anataka kubaki, kana kwamba wao hawajiwezi.

Pana dakika moja ya filamu hii ambayo ingetosha kuilipia bando. Ruby anaimba kwenye tamasha la shule, wazazi wako kwenye viti, na ghafla sauti yote inazimwa. Tunakaa kwenye masikio ya baba. Anageuka kuangalia watu: huyu anafuta machozi, yule anatikisa kichwa taratibu. Anajifunza uwezo wa mwanawe kwenye nyuso za wageni. Usiku, wamekaa nyuma ya gari, anamwomba amwimbie tena, anamshika shingoni kwa mikono miwili ili ausikie wimbo kwa viganja. Troy Kotsur, aliyecheza kama baba, ni kiziwi kweli, kama walivyo waliocheza kama mama na kaka. Alipata Oscar yake.

Tahadhari moja ya kinyumbani. Wazazi hawa wanaongea mambo ya chumbani waziwazi, na kuna tukio kwa daktari, Ruby akilazimika kufasiri ugonjwa wa sehemu za siri za baba yake, ambalo huwezi kulitazama ukiwa umekaa kochi moja na mjomba. Liko mapema. Jiandae kwenda kuchukua chai.

Ya jamaa moja nayo ni *Real Women Have Curves* ya 2002. Msichana aitwaye Ana, Mmeksiko wa mashariki ya Los Angeles, amepata ufadhili kamili wa Chuo Kikuu cha Columbia, mama anamtaka kwenye kiwanda kidogo cha dada yake cha kushona magauni. Gauni wanalipwa dola 18, dukani linauzwa 600. Siku ya safari mama anajifungia chumbani, hatoki kuaga. *CODA* inamkumbatia mtoto anayeondoka. Hii haimkumbatii, na kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo kweli zaidi.

Nyingine mbili, kwa haraka

Liz Murray wa Bronx ni kwa kijana asiye na nyumba ya kuondoka. Wazazi waliharibiwa na dawa za kulevya, mama akafa kwa UKIMWI 1996, yeye akawa analala kwenye treni na ngazi za majengo, akasoma miaka minne ya sekondari kwa miwili, akaingia Harvard 2000. Filamu ya televisheni ya 2003 imemgeuza bango. Kitabu chake, *Breaking Night*, kina vumbi na baridi ya kweli. Ni chaguo langu kwa yatima, na kwa mwalimu anayedhani mtoto anayesinzia darasani ni mvivu.

*A Small Act* ya 2010 ni ya Kenya, na ni makala ya kweli, si maigizo. Chris Mburu alisomeshwa na mwanamke wa Uswidi asiyemjua, Hilde Back, akafika Chuo Kikuu cha Nairobi na Harvard, akaanzisha mfuko wa kusomesha wengine kwa jina la mama huyo. Kamera inawafuata watoto wa darasa la nane wakisubiri matokeo, huku mfuko ukiwa na nafasi chache. Wenye kusubiri matokeo sasa hivi wasiitazame, itawapandisha presha. Wape wenye pesa kidogo za ziada.

Binti wa jirani

Nilimpa *CODA* kwenye flashi. Akaiangalia na mama yake siku ya Jumapili, genge likiwa limefungwa, kwenye kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya gunia la maharage. Mama hasomi, na viziwi wa kwenye filamu wanaongea kwa mikono, maneno yakipita chini kwa Kiingereza. Kwa hiyo binti alimfasiria yote, mstari kwa mstari, saa moja na dakika hamsini, tukio la daktari akaliruka.

Jumatatu nilipokwenda kununua nyanya mama aliniambia ameipenda. Ila alikuwa na swali. Karibu na mwisho, mle wakati wimbo unaendelea, wanaonekana wavuvi wengine wanajifunza lugha ya alama, mara moja tu, imepita. Yeye hakuridhika na hapo.

"Mwanamke mwenzangu," akasema, akinifungia nyanya, "sasa yule mtoto keshaenda Boston. Wanaojifunza si watakosea bei? Hiyo miezi ya mwanzo, nani anawasemea?"

Binti alikuwa nyuma yake anasoma meseji kwenye simu ya mama. Aliinua kichwa akanitazama mimi, si yeye.